Funguo Mbili, Mkono Mmoja

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu mmoja wetu huishia kukata, na kwa haki mara nyingi huwa ni mimi. Basi naandika.

Ombi la kodi ya nyumba limekaa kwenye pochi yetu ya mtandaoni tangu Jumatatu. Mimi nimeshasaini, linasubiri sahihi yako. Najua unajua mambo haya yanavyokwenda, lakini nayaweka wazi tusije tukabishana kila mtu na lake. Wateja wa studio yetu ya sauti wako mbali. Ankara tunawapelekea kwa blokcheni, lile daftari la wazi la mtandaoni: mteja anaweka malipo ya kripto mahali palipofungwa, kazi ikishapokelewa malipo yanashuka yenyewe kwenye pochi ya familia. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kwenye shughuli. Mwanao aliweka funguo tatu, wake, wangu na wako, na hakitoki kitu mpaka mbili kati ya hizo zisaini. Wakati ule niliona ni busara. Sasa yeye ameondoka tangu mwaka jana, hajasema yuko wapi, na nikitaka hata wino wa printa lazima mimi na wewe tukubaliane. Sisi ambao hatujawahi kukubaliana juu ya rangi ya mapazia.

La pili. Ile kampuni ya filamu za mafunzo, ambayo nimekuwa nikiiandikia maneno ya chini ya picha, imenipa nafasi ya kuajiriwa. Ni filamu za kufundisha watu kupanda lifti bila kufa, lakini kazi ni kazi. Ofisi iko mji mwingine. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nataka tuifunge pochi hii: wewe uchukue ulichotukopesha cha vifaa vya studio, kilichobaki kiwe changu na cha mtoto, nami nihame nianze upya kwa ufunguo mmoja kama watu wengine.

Nasubiri sahihi mbili, ya kodi na ya kufunga.

Mkweo


9 Machi

Mkwe,

Marahaba. Ombi lako la kodi nimelirudisha. Umeandika "kodi" bila kusema ya mwezi gani. Miaka yote niliyokaa stoo ya dawa pale hospitali sikutoa hata sindano kwa karatasi ya namna hiyo, na madaktari walinuna mpaka wakazoea. Andika upya.

Halafu punguza kukimbilia kusaini wa kwanza. Anayesaini wa pili ndiye anayelipa nauli ya muamala, na kila mwezi inanitoka mimi. Ni kidogo, sikatai, lakini kidogo kinachotoka upande mmoja tu si haki. Mwanangu Redio alinifundisha kuongeza nauli kwenye ufunguo kabla haijakauka, na hilo hakuwa na haja ya kunifundisha. Mtu wa stoo hangoji rafu iwe tupu.

Kuhusu funguo. Kabati letu la dawa kali lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja wangu, mwingine wa muuguzi wa zamu. Siku moja muuguzi alibanwa na haja akaniachia wake mezani akakimbia. Nilitoka nikasimama kwenye korido mpaka aliporudi, wagonjwa wakinishangaa. Mtu mmoja hashiki funguo mbili. Si kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu kesho hatajua mwenyewe kama si mwizi. Redio alikua akizisikia hadithi hizo, ndiyo maana alitujengea pochi ya namna hii. Usiione ni pingu.

Pochi sifungi. Mtu aliyeondoka akirudi akakuta kufuli limebadilishwa, ataelewa nini? Mwanangu tulimwita Redio kwa sababu alipokuwa mdogo hakunyamaza hata akila. Sasa amenyamaza, lakini redio ikinyamaza si lazima iwe imekufa. Subira huvuta heri.

Mwambie mjukuu wangu picha yake nimeipata.

Mama


13 Machi

Mama,

Shikamoo. Kodi ya mwezi Machi, nyumba na chumba cha studio, nimeandika upya. Nimeongeza hata jina la mtaa, usije ukasema sikusema ni dunia ipi.

Subira huvuta heri, na ngojangoja huumiza matumbo. Zote mbili ni methali, kila mtu huchagua inayomfaa. Mimi naangalia kitu kimoja tu. Ufunguo wake anao. Pochi anaiona kama tunavyoiona, maombi yote yanapita mbele ya macho yake: kodi, umeme, miwani ya mtoto. Tangu aondoke hajasaini hata moja. Angekuwa hai na ana haja nasi, angesaini hata wino wa printa. Wewe unasema amenyamaza. Mimi nasema kama hajafa, basi ametuacha, na sijui lipi niliombe.

Hiyo picha uliyoipata, unajua jinsi anavyochora na kufuta, ndiyo maana tunamwita Kifutio. Kwanza alichora watu watatu. Ukiitazama vizuri kwenye mwanga utaona alama ya mmoja aliyefutwa. Sikumwambia afute. Aliniambia, "Huyu ameshatoka kwenye picha."

Naomba usaini ombi la kufunga. Nina siku za kuhesabu.

Mkweo


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Neno moja tu. Nimeona kodi imesainiwa na imetoka. Asante kwa kutoirudisha mara ya pili. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa sauti ya chini, na hiyo kwake ni dalili mbaya.

Bado lile la kufunga.

Mkweo


18 Machi

Mkwe,

Shukrani zako nazirudisha kwa mwenyewe. Ufunguo wangu haujaligusa ombi hilo. Wewe uliona limetoka ukaridhika, hukutazama limetoka kwa nani. Stoo ungefukuzwa siku ya kwanza. Fungua muamala, shuka chini, soma mkia, zile herufi za mwisho, wa ufunguo uliosaini wa pili. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nimekuambia.

Mama


19 Machi

Mama,

Nimetazama. Mkia wa wangu naujua kwa moyo, na wako pia. Huu si wangu wala si wako.

Nilikaa sakafuni pale studio, kati ya nyaya zake, nikacheka kwanza. Sijui kwa nini nilicheka. Halafu nikalia, na Kifutio akaja na kitambaa cha kufutia vyombo akaniuliza kama kuna kitu kimemwagika. Sasa nimetulia, ndiyo maana naandika.

Mama, yuko hai. Ameiona kodi, amesaini. Hakuandika neno, lakini mkono wake umegusa kitu nilichokuwa nimekigusa mimi. Nilikuwa nimejizoeza kumchukia kwa utaratibu, asubuhi kidogo na jioni kidogo, kama dawa. Sasa sijui pa kuiweka.

Ombi la kufunga nimelifuta. Si kwamba nimebadili nia. Nataka kwanza nizungumze naye. Kila ombi lina sehemu ya maelezo, mtu unaandika unachotaka. Nitamwandikia humo. Nakuomba maombi madogo usiyasaini, mwachie.

Mkweo


23 Machi

Mkwe,

Barua yako nimeisoma. Naona umefuta la kufunga, na hilo ni jema.

Mimi sisemi yupo wala hayupo. Nasema ufunguo umesaini. Hilo ndilo tunalolijua, na stoo tunaandika tunalolijua tu. Usimjengee mtu nyumba juu ya sahihi moja.

Maombi madogo nitayaacha kama ulivyoomba. Uwe unakula. Mtoto akija na kitambaa cha vyombo si dalili nzuri.

Mama


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakupa habari zote, kwa sababu sina mwingine wa kumpa.

Ombi la kwanza nililomwandikia lilikuwa la betri za maikrofoni. Kwenye maelezo nikaweka matusi, sitayarudia hapa kwa heshima yako. Alisaini. La pili, kalamu za rangi, nikaandika: "Ana meno mawili ya mbele yametoka, anasema 's' kama nyoka." Alisaini, tena upesi. La tatu viatu vya shule: "Ameongeza namba mbili tangu uondoke." La nne karatasi za printa: "Nimehamisha kitanda, sasa kinatazama dirisha." Yote amesaini. Hasemi kitu. Lakini Mama, mwanao hata alipokuwa hapa, nikimwambia jambo la maana alikuwa anaitikia kwa kidole gumba huku masikio yake yakiwa kwenye vipokea sauti. Kwa hiyo hii kwetu ni karibu na mazungumzo.

Kifutio nimemwambia. Labda nilikosea. Amechora upya, na watu ni watatu.

Kampuni nimeiandikia kwamba siwezi kuja. Nikihama, nyumba hii atakayoirudia haitakuwepo. Ulikuwa umesema hivyohivyo juu ya kufuli, nami nikakuona mkaidi. Nakuomba radhi kwa hilo.

Mkweo


7 Aprili

Mkwe,

Kwa nini umekataa kazi kabla ya kuniambia?

Waandikie leo. Sema umetafakari, sema mkweo mkorofi alikuchanganya, sema lolote. Watu wa ofisi hupenda mtu anayebadili nia kwa adabu. Kazi ya mshahara haiangukii mtu mara mbili.

Mtu kusaini karatasi si mtu kurudi nyumbani. Nimekuambia usimjengee nyumba, wewe umemjengea na ghorofa. Na mtoto ulimwambia kwa nini? Mtoto alikuwa ameshafuta.

Nimeandika kwa ukali. Niache nilivyo. Maombi ya nyumbani kuanzia leo nitasaini mwenyewe, usimwachie. Waandikie hao watu.

Mama


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kampuni wamejibu kwa upole: nafasi imeshachukuliwa. Wataendelea kunipa kazi moja moja, kwa ankara, kama zamani. Basi. Sitalia kwa ajili ya lifti.

Lakini kuna jambo lingine. Tangu ulipoandika ile barua kali, ameacha kusaini. Naona ufunguo wako unasaini yote, kodi, umeme, maji. Kuna ombi moja tu ambalo nilikuomba kwa ujumbe usiliguse, nawe hukuligusa. Ni la kitu kidogo kabisa, thamani ya kipande cha sabuni. Kwenye maelezo nimeandika: "Sema neno moja, hata kama ni hapana." Limekaa. Kila asubuhi nalifungua kabla ya kufungua pazia.

Nimewaza labda amekasirika. Labda anaumwa. Halafu nikakumbuka maneno yako ya nauli. Anayesaini wa pili ndiye anayelipa, na alipoondoka ufunguo wake ulikuwa karibu mtupu, nakumbuka alinilalamikia. Huenda imemwishia tu, maskini, na hana njia ya kusema. Kesho nitatazama ufunguo wake umebakiwa na kiasi gani, nimtumie kidogo.

Mkweo


21 Aprili

Mama,

Nimetazama.

Kwenye blokcheni hakuna chumba cha ndani. Kila ufunguo unaonyesha kilichoingia na kilikotoka, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kusoma. Mimi sikuwahi kusoma. Ufunguo wake ulikuwa mtupu tangu mwaka jana. Mwezi Machi, siku moja kabla ya ile sahihi ya kodi, uliongezewa nauli. Baada ya kalamu za rangi ukaongezewa tena, haukuwa hata umeisha. Mara zote mbili nauli imetoka kwenye ufunguo wako.

Mtu wa stoo hangoji rafu iwe tupu.

Nilidhani kwanza unajua aliko na unamtumia. Nikataka kukupigia simu nikutukane. Halafu nikayasoma maombi yote upya, moja baada ya jingine, na barua zako zote pamoja nayo. "Ufunguo wangu haujaligusa." "Nasema ufunguo umesaini." Hukusema uongo hata mara moja, Mama. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila neno lilikuwa kweli. Siku uliyokasirika wewe ndiyo siku sahihi zake zilipokoma. Anayenisainia si yeye. Ufunguo wake uko nyumbani kwako. Niliyemweleza habari za kitanda ni wewe.

Nimekaa siku nzima na hasira na bado ninayo. Nimekosa kazi kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Mtoto amemchora upya mtu ambaye hakuwepo. Hilo sijakusamehe, na nisikudanganye kwamba nitakusamehe kesho.

Lakini nimeona na jingine, na naliandika kwa sababu tuliahidiana haki. Funguo mbili kati ya tatu zinatosha. Tangu siku ile alipoondoka, pochi nzima ilikuwa mkononi mwako. Ungeweza kuihamisha ukiwa umekaa jikoni kwako, bila mimi, bila kumwomba mtu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikikuita mkaidi unayenishikia riziki. Hukuchukua hata bei ya kipande cha sabuni. Nauli uliilipa kwa chako.

Nimeweka tena ombi la kufunga. Mgawanyo ni ule ule. Mimi nimeshasaini. Una funguo mbili, chagua mwenyewe utasaini kwa upi. Nitatazama mkia.

Mkweo


26 Aprili

Mkwe,

Uliyoyaona ndivyo yalivyo. Sina la kupunguza. Ila hukuwepo siku ile, kwa hiyo pokea na hili.

Alikuja asubuhi na begi la nyaya begani. Nilidhani anakwenda kurekodi mahali. Akanywa chai, akaongea habari za mvua. Halafu akaosha kikombe chake mwenyewe. Mkwe, yule mtoto tangu azaliwe hajawahi kuosha kikombe. Nikajua. Nilisimama pale nikiwa nimejua, nikamwuliza kama anataka chai nyingine.

Kile kidude cha ufunguo wake akakitoa mfukoni akakiweka juu ya friji. Akasema, "Mama, nishikie hiki."

Nikamwambia, "Unajua mtu mmoja hashiki funguo mbili."

Akacheka. Akasema, "Basi usikishike. Kiache tu hapo juu."

Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyapata. Aliko sijui. Kama yuko hai sijui. Hapo sijakuficha kitu.

Nilichokuficha ni kidude. Mtu anayekwenda na kurudi huondoka na ufunguo wake. Ningekuambia ameuacha, ungeelewa palepale kwamba harudi, maana wewe una akili nyepesi kuliko yangu. Ungefunga, ungehama, na mimi ningebaki na friji. Kwa hiyo nilikaa kimya. Nilisema ni kwa ajili yake, apate pa kurudi. Haikuwa kwa ajili yake. Niliogopa nyinyi wawili mtaondoka na mimi sitakuwa mkwe wa mtu wala bibi wa mtu, nitakuwa mwanamke mwenye stoo tupu.

Halafu ukaandika kwamba angekuwa hai angesaini hata moja. Nikapanda kiti nikakitoa kile kidude. Kilitaka namba za siri, sikupewa. Nikajaribu tarehe aliyozaliwa mjukuu wangu. Kikafunguka mara ya kwanza. Hilo nakupa ulihifadhi, kwa sababu ni lake kweli, si langu.

Nilisema nasaini mara moja tu. Ukaandika habari za meno. Mkwe, wewe kwangu hujawahi kuandika habari za meno. Kwangu uliandika kodi na umeme. Nikataka na ya viatu. Nikataka na ya kitanda. Ndiyo maana siku ile sikusimama kwenye korido.

Ulipokataa ile kazi nilikirudisha kidude juu ya friji. Kazi yako nimekukosesha mimi. Sina methali ya kufunika hilo.

Ombi la kufunga nimelisoma. Mgawanyo uko sawa, hesabu iko sawa, mwezi umeandikwa. Nimesaini kwa wangu.

Mama


10 Mei

Mama,

Shikamoo. Niliuona mkia kabla barua yako haijafika.

Sikujibu upesi kwa sababu sikuwa na la kusema lisilo na kelele. Nilikwenda kazini mezani kwangu, nikamaliza filamu ya jinsi ya kubeba kioo kikubwa watu wawili. Mmoja anatangulia, mmoja anafuata, na wa nyuma ndiye anayesema "simama". Niliandika hayo maneno chini ya picha. Nilipomaliza hasira ilikuwa imepungua, sijui imekwenda wapi.

Kifutio nimemwambia ukweli, kwa kipimo chake: kwamba baba aliacha ufunguo wake kwa bibi na hatujui aliko. Akauliza, "Kwa hiyo bibi yuko peke yake na funguo?" Nikasema ndiyo. Akasema si vizuri. Picha hajaifuta, ila huyo mtu wa tatu amemvisha gauni na miwani yako.

Studio nimeifunga, vifaa nimeviuza kwa fundi wa redio wa mtaa wa pili. Chumba kimebaki kitupu, kina dirisha kubwa, na mapazia sijaweka.

Nimefungua pochi mpya. Nilikuwa nimesema nitaishi kwa ufunguo mmoja kama watu wengine. Nilijaribu siku tatu nikajikuta najisainia mambo ya ajabu, taa ya mezani yenye umbo la kuku, na hakuna wa kuniuliza ni ya nini. Basi pochi mpya ina funguo mbili, na lazima zote mbili zisaini. Mmoja ni wangu. Wa pili nimeuandikisha kwa mkia wako, ule ninaoujua kwa moyo. Ukikataa, hakitoki kitu tena milele, kwa hiyo sitaki ukaidi.

Ombi la kwanza nimeshaliweka. Nimekimbilia kusaini wa kwanza, unisamehe.

Mkweo


14 Mei

Mkwe,

Marahaba.

Ombi la kwanza nimelifungua. Maelezo yanasema: "Tiketi ya basi, mtu mmoja, kutoka kwa Bibi kuja hapa, mwezi Mei." Nimetafuta tiketi ya kurudi, haipo. Nikatazama ukurasa wa pili, hakuna ukurasa wa pili. Kwa utaratibu wangu ombi la safari lisilo na kurudi halijakamilika, na miaka yote pale stoo nisingelipitisha.

Mlango nitafunga. Jirani nimemwachia anwani yako, nikamwambia akitokea mtu mwenye begi la nyaya ampe, na amnyweshe chai. Kile kidude cha juu ya friji nitakuja nacho, ukiweke wewe. Mimi nimekishika vya kutosha.

Mapazia msinunue mpaka nifike. Nina maoni.

Ombi nimelisoma mara ya pili, kurudi bado hakuna. Nimesaini. Nauli ya muamala imenitoka mimi, kama kawaida.

Mama